Kusomea udaktari kwa WhatsApp na YouTube: inaingia kichwani kweli au tunamaliza bando tu?

BintiKengeja

Asalaam aleikum wanajukwaa, hodi kwanza. Mie huwa napita nasoma na kuondoka, leo nimeshikika ndo nikaona niandike.

Nnasoma udaktari hapa Unguja, mtoto wa Pemba, nakaa dakhalia. Darasani kwetu tuna grupu la WhatsApp, tuna chaneli ya Telegram imejaa vitabu na madesa, halafu kila mtu ana watu wake wa YouTube, huyu Ninja Nerd huyu Osmosis, na siku hizi hata TikTok madokta wamejaa wanakueleza ugonjwa mzima kwa dakika moja huku nyimbo inapiga. Mwanzo niliona neema tupu wallahi. Kitabu cha patholojia kizito kama tofali, maktaba nakala chache na wanaozitaka wengi, na yule wa YouTube anakuchorea figo taratibu kwa rangi mpaka unaanza kuipenda.

Sasa shida yangu. Usiku nikitizama video naelewa kila kitu, nalala najiona bingwa. Asubuhi wodini kwenye raundi dokta ananigeukia, haya weye, huyu mama miguu imevimba, nitajie sababu. Kichwa cheupe! Kama sijawahi kulisikia neno figo maishani mwangu. Na semista hii nna sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya patholojia, ambayo ndo somo nililolitizamia video kuliko masomo yote. Baba yuko Kengeja ananitumia hela ya bando anatoa kwenye karafuu zake, nikifikiria hilo naona haya.

La pili ni hilo grupu. Ukiamka meseji hazihesabiki, Ijumaa njema, mzaha, tangazo la mtu anauza hijabu, na katikati hapo kuna swali moja la maana la mtu alouliza saa sita usiku limeshazikwa hakuna alojibu. Halafu juzi mmoja katupia picha ya kidonda cha mgonjwa wa wodini anauliza jamani hii nini. Watu wakajibu, na sisemi uongo nimejifunza, lakini moyo wangu haukutulia. Nikisema naambiwa si kauziba uso, unataka nini tena.

Kwa hivyo nawauliza mlopita njia hii, mnaitumiaje hii mitandao ikakusaidieni? Au niifute yote nirudi kwenye kitabu? Na hilo la picha nyie mnalionaje?

mzee_wa_maskani

Funga simu mwanangu soma kitabu. Watu wamekuwa madokta kabla ya hizo tikitoki na wamewatibu babu zenu wakapona.

Dogo_Jangombe

Mzee shikamoo, ila na weye hapa umeingia kwa simu 😂😂

mzee_wa_maskani

Marahaba. Mie sitibu mtu.

IntaniAsolala

Binti pole, hilo la kichwa cheupe mbele ya kitanda cha mgonjwa tumelipita sote, anaekwambia yeye hakulipita anakudanganya.

Video haina kosa ila unaitizama tu. Mtu akieleza vizuri ubongo wako unasema hii naijua, kumbe anaeijua ni yeye alieko ndani ya simu. Hili limepimwa. Wapo Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi maandishi wasome, halafu kundi moja likarudia kuyasoma na kundi jengine likafunika karatasi na kuandika linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki mambo yakageuka, waliojipima wenyewe ndo wakawa mbele. Sasa weye usiku unapojiona bingwa uko kwenye zile dakika 5, na pepa linakuja baada ya wiki.

Mie nilivyokuwa nafanya, na nnafanya mpaka leo nikipata nafasi ya kukaa, kabla hujaibonyeza video chukua karatasi andika swali alokuuliza dokta. Miguu imevimba kwa nini? Andika unachokijua hata kama ni kitu kimoja na nusu. Ndo utizame, na unatizama ukiwa unawinda kile kilichokosekana kwenye karatasi yako, sio unatizama kama tamthilia. Ikimaliza, simu chini, andika tena bila kuchungulia. Asubuhi kabla ya raundi tena, hata kwenye daladala, kichwani.

Na hilo swali lenyewe usilikariri kwa orodha ya magonjwa, utasahau. Lifikirie maji yanatokaje kwenye mshipa. Ama presha ndani ya mishipa imepanda, na hapo pana moyo ulioshindwa, figo isiyotoa maji, au mshipa wa mguu uloziba kwa damu kuganda, huo huwa mguu mmoja. Ama albumini, ile protini inayoshika maji ndani ya mshipa, imeshuka kwenye damu, ini limechoka au figo inavujisha protini au mtu hali chakula cha kutosha. Ama mishipa yenyewe inavuja, maambukizi, mzio. Ama mirija ya limfu inayorudisha maji kwenye damu imeziba, na hapo ndo penye matende, ambayo hawa wa Marekani wanaitaja kwa kupita tu wakati sie wazee wetu tumewaona nayo. Ukishika milango hiyo minne dokta hakupati. Na kwa vile ni mama, kabla hujaenda mbali muulize kama mjamzito, pima presha, pima protini kwenye mkojo. Hapo ukichelewa ni maisha ya watu wawili.

Jengine, weka Anki kwenye simu, apu ya kadi za maswali ya kujipima. Kwenye Android ni bure, iPhone ndo wanauza. Inakurudishia kadi siku ile unayokaribia kusahau, kazi alizoanza Ebbinghaus Mjarumani tokea 1885 huko za kupima watu wanavyosahau. Ila tunga kadi zako mwenyewe kutoka kwa wagonjwa ulowaona, usishushe furushi la maelfu ya kadi za mwanafunzi wa Marekani, utakaa unajibu magonjwa ya kule mpaka utachoka na utaliacha.

TikTok nakupa ruhusa ukiwa foleni. Usihesabu kuwa umesoma.

Bi_Mkufunzi

Waaleikum salaam. Mie muuguzi, nafundisha vitendo muda mrefu sasa, na wala siwakatazi wanafunzi video, mie mwenyewe nawatumia. Kuna vitu mdomo hauwezi. Utamwelezaje mtu mnong'ono wa vali ya moyo? Weka hedifoni sikiliza sauti yenyewe, rudia na rudia, halafu nenda kwa mgonjwa weka stethoskopu uisikie kwa mtu. Kutafuta mshipa kwa mtoto, kufunga bandeji, kupima presha kwa mkono, video inasaidia sana kabla mtu hajashika kitu.

Lakini wanangu tizameni tarehe! Naletewa mwanafunzi anakandamiza kifua cha mwanasesere baada ya kumaliza mambo ya njia ya hewa na pumzi, namuuliza umefundishwa na nani, YouTube. Naitizama, video ya 2008, watazamaji kibao. Chama cha moyo cha Marekani kilibadilisha mpango 2010, moyo ukisimama kwa mtu mzima unaanza na kukandamiza kifua, halafu njia ya hewa, halafu pumzi, na tokea 2015 kina ni sentimita 5 mpaka 6 na kasi 100 mpaka 120 kwa dakika. Video ya zamani haijifuti, na ikiwa imetizamwa sana ndo inaletwa juu. Na msichanganye, ule mpangilio wa kumkagua mgonjwa mahututi unaoanza na njia ya hewa bado upo na ni sahihi, huyo moyo wake unapiga.

Na kuna jambo ambalo video nyingi hazilisemi kwa sababu hawakai kisiwani. Mtu alozama maji, moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, kwa hivyo ulofunzwa unaanza na kumpa pumzi halafu ndo kifua. Sie tumezungukwa na bahari, watoto wanaogelea kila siku, boti zinapinduka. Hilo mlijue kuliko wanavyolijua hao wanaokufunzeni.

Kwa hivyo mwanangu kila video muulize maswali: nani anasema, ana kazi gani, lini, anatibu watu wa wapi. Kama hana jina wala pahala pa kazi, mpite.

mwana_wa_Wete

Bi Mkufunzi kanitangulia, hilo la "anatibu watu wa wapi" ndo lililonileta hapa.

Mie klinikal ofisa Pemba. Walikuja wanafunzi wa vitendo, vijana wazuri, wamesoma. Kaja mama na mtoto wa kiume wa skuli ya msingi, anakojoa damu. Nikawauliza, wakaanza: uvimbe wa kibofu, mawe, ugonjwa wa figo baada ya maambukizi ya koo. Yote yapo kwenye vitabu. Nawatizama. Mtoto wa Pemba huyo, kacheza mtoni, na hakuna alotaja kichocho! Kwa sababu video alozitizama za damu kwenye mkojo zimetungwa na mtu wa London, na kwake yeye wasiwasi wa kwanza ni saratani kwa mzee alovuta sigara. Kwake yuko sawa kabisa. Hapa kwetu si sawa. Na tena mwengine akajitia kujua kichocho akaeleza cha tumbo, cha kuharisha damu, maana video yake ilikuwa ya minyoo ya mansoni ya huko Kanda ya Ziwa bara. Kichocho chetu visiwani ni cha haematobium, cha mkojo.

Malaria hivo hivo. Zanzibar tokea 2003 ilianza dawa mseto ya artesunate na amodiaquine, bara walipoingia wao wakachagua ALu, yaani artemether na lumefantrine. Sasa mtu anachukua posti ya daktari wa bara au wa Nigeria anaandika dozi kama ilivyo. Miongozo inabadilika, kwa hivyo kwa dawa yoyote usichukue dozi mtandaoni, fungua mwongozo wa Wizara unaotumika kituoni kwako siku hiyo, basi.

Lakini mtandao nao una zamu yake. Malaria imeshuka hapa mpaka mwanafunzi anamaliza chuo slaidi zenye vimelea kaziona chache. Pahala pa kuziona ni kwenye tovuti ya DPDx ya CDC Marekani, bure, picha za damu kila hatua ya kimelea, na mayai ya kichocho yenye ule mwiba wake wa mwishoni. Mie nawapa wanafunzi wazitizame usiku halafu asubuhi tunakwenda maabara na fundi anawapa slaidi za kweli bila kuwaambia ni nini.

Na mkumbuke Kisiwa Panza, Machi 2024, ile nyama ya kasa. Watoto 8 na mtu mzima mmoja wakafariki, wengine 78 wakalazwa. Niambieni lekcha gani mlofundishwa sumu ya kasa? Tafuta kwenye vitabu vikubwa utapata mstari au usipate kabisa. Hapo ndo mtu anashukuru intaneti, maana maandishi yaliyopo yametoka kwa watu wa visiwa na mwambao kama sie, Madagaska na kwengineko: kupika hakuiondoi sumu, dawa yake khasa hakuna unamhudumia mgonjwa kwa dalili zake, watoto ndo wanaoumia zaidi, na mama alokula anaweza kumpitishia mtoto kwenye maziwa. Hilo la mwisho likikupita unamtibu mama na mtoto anakufia mkononi mwake.

Binti bando lisikutishe, kuna WikiMed ya Kiwix, makala za udaktari za Wikipedia, unaishusha mara moja kwenye waifai ya chuo basi unasoma bila intaneti popote, mie ndo inanisaidia huku mtandao ukienda zake. YouTube punguza ubora mpaka 240, mchoro wa figo unaonekana vilevile.

MtuWaNgambo

Samahanini madokta mie si mwenzenu, mie nauza vipuri vya vespa, nimeiona hii mada nikashindwa kupita kwa ajili ya lile la picha.

Mama yangu alilazwa na mguu wa sukari, hospitali siitaji. Mwanafunzi kaupiga mguu picha, hakuomba, kasema tu bibi tulia kidogo. Uso haumo kwenye picha. Ikatoka grupu moja ikaenda jengine, ikamfikia binti wa jirani yetu nae anasoma uuguzi, akaitizama akasema mbona hii kanga ya bi fulani na bangili yake, na ile meza ya pembeni ina birika letu la chai. Kamwambia mama yake. Siku ya pili wakati wa kutizama wagonjwa wanakuja majirani wanamshika mama mkono wanamwambia pole tumesikia unakatwa mguu. Yeye hajui! Dokta alikuwa hajamwambia wala hajatwambia sisi. Kwenye grupu mtu kaandika hapo hapana tiba ni kukata tu, akatia na emoji.

Mama alilia mie sijamuona akilia vile tokea kufariki baba. Nyie mnasema uso umezibwa. Unguja hii mtu anajulikana kwa mwendo, itakuwa kanga yake?

Dogo_Jangombe

Kaka pole sana, mungu amjaalie afya bi mkubwa. Hilo halikubaliki na aliefanya vile kakosa.

Ila na mie niseme langu, bila picha tutajifunza vipi? Madokta dunia nzima wanaoneshana kesi. Kuna apu ya Figure 1 kazi yake ndo hiyo. Kule X mabingwa wanatia eksirei na ECG, ile michoro ya umeme wa moyo, na watu wanabishana usiku mzima, mie ECG nimejifunza kule kuliko darasani. Kitabuni kidonda kipo kimoja, kwenye grupu naona vya kila namna. Tukikataza kila kitu tutabaki na madesa ya 1990.

Bi_Mkufunzi

MtuWaNgambo, mwanangu, nimeisoma mara mbili. Mpe salamu bi mkubwa.

Dogo hujakosea kuwa picha zinafundisha. Lakini hiyo Figure 1 ilianzishwa Kanada 2013 kwa kazi hiyo khasa, ndani yake mna fomu ya mgonjwa kuridhia na mna kuziba uso na alama, na kesi zinapitiwa. WhatsApp yako haina hayo. Ukipokea picha inajiweka yenyewe kwenye galari, mdogo wako akichezea simu anaiona, ukibadilisha simu inakufuata, na mwenye kuisambaza haombi ruhusa ya mtu. Na ECG ni mistari haina mama wala jirani, ukishakata jina na namba juu, halali yako. Kidonda kina mwenyewe.

Tena si adabu peke yake, hata sheria imeligusa. Ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 imeziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti. Na kabla ya sheria mlikula kiapo, siri ya mgonjwa hata akishafariki.

Mie wanafunzi wangu nawafundisha kuuliza kesi kwa maneno, na nakwambieni kweli wanajifunza zaidi, maana kueleza kidonda kwa maneno ndo kazi yenyewe ya daktari. Andika: mtu mzima wa makamo, sukari ya muda mrefu, kidonda chini ya unyayo chini ya kidole gumba, duara, kingo zimekuwa ngumu, hakimuumi. Umeshaona? Neno moja tu, hakimuumi, limeshatwambia mishipa ya fahamu imekufa. Picha isingekuonesha hilo. Shehia usitaje, kitanda usitaje, siku ya kulazwa usitaje, umri sema makamo au mzee. Na ugonjwa wa nadra sana ambao kisiwani anao mtu mmoja, huo usiupeleke kwenye grupu hata kwa maneno, nenda kwa bingwa wake ana kwa ana.

Kama picha ni lazima, ufuate taratibu za hospitali, mgonjwa aelezwe itakwenda wapi na nani ataiona, aridhie kwa maandishi, na akikataa matibabu yake yasipungue hata chembe. Bibi alosema ndio kwa sababu ana khofu ya koti jeupe hakuridhia huyo.

Dogo_Jangombe

Nimekuelewa Bi. Lile la hakimuumi limenikata maini.

BintiKengeja

Ahsanteni nyote, sikutegemea kama mtaandika hivi. Kaka wa vipuri nimeisoma yako nikaipeleka kwenye grupu letu bila jina lako, admini kaifuta ile picha na watu wamenyamaza kimya, haijawahi kutokea.

Nimejaribu ile ya karatasi kabla ya video kwa ugonjwa wa figo wa kuvujisha protini. Inaumiza roho jamani, kuona karatasi tupu wakati video hiyo hiyo umeshaitizama. Lakini safari hii kitu kimebaki.

Nna maswali mawili madogo. Grupu tulipange vipi maana kulifuta hawakubali? Na jengine, hizi video na picha za ngozi, vipele, mwili kuingia manjano, mtu kukosa oksijeni, zote wanaonesha mtu mweupe. Wanasema midomo inakuwa ya buluu. Kwa bibi yangu mie hiyo buluu nitaiona wapi?

IntaniAsolala

Grupu msilifute, gawa. Moja la maongezi na hijabu zenu, jengine la maswali tu na hilo muliweke admini pekee ndo anaandika, na uadmini muuzungushe kwa watu wachache kwa zamu. Alie zamu anatoa swali moja la kesi jioni, kila mtu anajibu kwenye karatasi yake kwanza, asubuhi anafungua watu wajibu kwa kunukuu swali, halafu anaweka jibu na anasema kalitoa wapi, kitabu gani, mwongozo gani. Bila chanzo jibu halihesabiki, hata akiwa ndo anaongoza darasa. Mkimpata mwalimu mmoja akubali kupita mara moja kwa wiki kusahihisha itakuwa kheri kubwa, bila hivyo mnaweza mkakubaliana wote kwenye jambo la uongo na mkafurahi.

La ngozi umeuliza jambo la maana sana na wengi hawaliulizi. Tizama ulimi na ndani ya mdomo, tizama ndani ya kope, viganja na kucha. Manjano itafute kwenye weupe wa jicho, na umtizame mchana kwenye mwanga wa dirishani, taa za wodi zinadanganya, na wazee wengi wetu macho yana rangi yake tokea zamani kwa hivyo vuta kope utizame kule ndani ambako jua halifiki. Wekundu wa ngozi huuoni, gusa, joto na uvimbe ndo vitakwambia.

Na hapa mitandao imefanya kazi ambayo vitabu vilishindwa. 2020 mwanafunzi wa udaktari London, Malone Mukwende, kazaliwa Zimbabwe, alikerwa na swali hili hili lako, akatoa na walimu wake kijitabu cha dalili kwenye ngozi nyeusi, bure mtandaoni. Halafu 2021 Mnigeria Chidiebere Ibe alichora mimba, mama mweusi na mtoto mweusi tumboni, mchoro wa kawaida tu wa kitabuni, ukazunguka dunia nzima kwa sababu watu walishituka kuwa hawajawahi kuuona. Watafute hao wote wawili, wako wazi.

mwana_wa_Wete

Grupu la maswali likianza nitieni na mie, nitakuwa natoa kesi za huku. Naanza sasa hivi hapa hapa, Dogo usigugo. Mtoto miaka ya skuli, mkojo unaanza safi unamaliza na damu. Utaomba kipimo gani na mkojo utauchukua saa ngapi?

Dogo_Jangombe

Mkojo kwa darubini kutafuta mayai ya kichocho. Saa... asubuhi na mapema akiamka?

mwana_wa_Wete

Darubini sawa, saa siyo. Nani mwengine?

BintiKengeja

Baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai ndo yanatoka kwa wingi wakati huo. Na kama inawezekana akimbie kimbie kidogo kwanza. Dawa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo, mara moja, ila nitafungua mwongozo kwanza kabla sijaandika 😄

mwana_wa_Wete

Umetoa wapi?

BintiKengeja

Fundi maabara wa chuo, leo mchana. Nilimfuata kumuuliza baada ya kuisoma posti yako.